Kisiwa Alichokisikia Shangazi

Siku shangazi yangu alipovaa miwani yake mipya, kitu cha kwanza alichokikodolea macho hakikuwa uso wangu. Kilikuwa kalenda.

Kalenda yenyewe ilining'inia juu ya mashine ya kusagia lenzi, mle kwenye karakana yangu ya miwani, na ilikuwa imefunikwa na vumbi jeupe la lenzi, lile linaloingia hadi kwenye chai. Mwezi huo ulikuwa na picha ya ufuo: mchanga mweupe, mnazi ulioinama kama unatafuta kitu kilichoangukia majini, na bahari ya rangi ya chupa. Shangazi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka mitatu iliyotangulia alikuwa akinitambua kwa hatua za miguu yangu. Nilitegemea aniangalie mimi, aseme nimenenepa, tucheke. Badala yake akaisogelea picha ile mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta.

"Hapa ni wapi?"

Nikamsomea maandishi madogo ya chini. Ilikuwa nchi moja ya visiwa, mbali katikati ya bahari, ya wale watu ambao huwasikii kwenye habari mpaka kimbunga kiwapitie.

"Hapana," akasema. "Huko hakuko hivi."

"Shangazi, wameandika wenyewe."

"Waache waandike. Mji wao uko mlimani. Kutoka posta kwenda barabara ya juu kuna ngazi arobaini na moja, na ya kumi na saba imemeguka ukingo, usipoangalia utavunja mguu. Chini ya dirisha la jengo la simu kuna kinyozi anayeimba. Na mvua ikianza, watu wa huko hawakimbii. Wanasimama walipo, wanangoja ipite."

Nikaweka bisibisi chini. "Kumbe umewahi kwenda!"

"Mimi? Mimi sijavuka hata mpaka."

Akavua miwani, akaipuliza vumbi, akaivaa tena. Kisha akakata kauli, kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia niongeze sukari. "Nataka kwenda likizo huko. Nimekaa na kisiwa hiki masikioni muda mrefu. Sasa nina macho."

Shangazi yangu alikuwa opereta wa simu za nje kwa miaka ishirini na sita. Hilo sote tulilijua, lakini tulilijua kama mtu anavyojua kwamba babu yake aliwahi kuwa na baiskeli. Hakuna aliyeuliza zaidi. Sasa, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja huku mimi nikinyoosha mkono wa fremu juu ya moto, akaanza kumwaga mtama.

Enzi hizo, kumpigia mtu simu aliye ng'ambo hakukuwa jambo la kidole. Unampigia opereta, opereta anachomeka waya kwenye ubao, anamwita opereta wa upande wa pili, naye anamtafuta mtu wako. Kule kisiwani simu zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo mara nyingi mtu alitumwa kwa miguu kumwita anayetakiwa. Dakika ishirini, dakika arobaini, waya uko wazi, na maopereta wawili wako kila mmoja upande wake na hedifoni kichwani.

"Kutaja majina ilikuwa marufuku," Shangazi alisema. "Ulikuwa na namba yako basi. Mimi nilikuwa Kumi na Nne. Yeye alikuwa Tatu."

Tatu alikuwa mwanamke. Watu wa kisiwa wana lugha yao, lakini yeye alilelewa na bibi aliyezungumza Kiswahili, hivyo akawa ndiye anayepewa laini yetu, zamu ya mchana, siku tano kwa wiki. Wakingoja mtu aitwe, walipiga soga. Kidogo kidogo, dakika kumi leo, ishirini kesho, Tatu akamjengea shangazi yangu mji mzima: ngazi zile, kinyozi yule, saa ya mnara iliyotangulia dakika saba, paka aliyelala juu ya sanduku la barua. Miaka kumi na minne walizungumza.

"Halafu?"

"Halafu mitambo mipya ikaja, ile ya mtu kujipigia mwenyewe. Hakuna aliyetuambia ni siku gani. Nilifika kazini asubuhi na chakula changu, nikakuta ubao umezimwa na fundi anakunja nyaya."

"Hukumtafuta?"

Akanitazama kwa yale macho mapya, makubwa nyuma ya lenzi zangu. "Ningemtafuta kwa jina gani? Tatu?"

Basi tukaanza kupanga likizo. Mimi, niseme ukweli, nilitaka ule ufuo wa kwenye kalenda. Nilikuwa sijachukua likizo tangu nifungue karakana, na shingo yangu ilikuwa imeinama juu ya fremu za watu hadi nikaanza kutembea kama mtu aliyedondosha pete. Nikasema nitamsindikiza. Moyoni nikasema: yeye ahesabu ngazi, mimi nilale mchangani.

Baba alipopata habari, alishika tama. Baba ni mdogo wake Shangazi, mwalimu wa udereva mstaafu, mtu anayeiona hatari kila mahali kwa sababu alilipwa kuiona. Hata akikaa kwenye kochi, hutazama kushoto na kulia kabla ya kuinuka.

"Dada, kisiwa kimezungukwa na maji," akamwambia.

"Ndiyo maana wanakiita kisiwa."

"Namaanisha, likitokea la kutokea, utakimbilia wapi?"

"Na wewe hapa likitokea la kutokea unakimbilia wapi, na goti hilo?"

Hapo Baba akakubali, lakini kwa shingo upande.

Kila siku baada ya chakula cha mchana Shangazi alikuja karakana, akakaa, akachukua bahasha zangu ndogo za kuwekea lenzi, akaandika maswali. Swali moja, bahasha moja. Udongo wa huko una rangi gani? Watu wakipishana njiani, nani humwamkia mwenzake kwanza? Milango hufunguka kwa ndani au kwa nje? Je, usiku mtu akikohoa, jirani husikia? Zilipofika bahasha thelathini tukaenda kwenye ofisi ya safari, ile ya mtaa wa pili, iliyokuwa na ndege ya plastiki dirishani na feni iliyoyumba.

Bibie wa tiketi alikuwa na kucha ndefu na subira fupi. Alitufungulia picha za hoteli kwenye kompyuta.

"Hii ina bwawa la kuogelea lililo karibu na bahari."

"Kwa nini bwawa liwe karibu na bahari?" Shangazi akauliza. "Si bahari ipo?"

"Ni... wageni wanapenda, mama."

"Na udongo wake una rangi gani?"

"Udongo?"

"Nyuma ya hoteli. Wanakopanda vitu."

Bibie akatafuta. Akapata maji ya moto, kifungua kinywa, umbali kutoka uwanja wa ndege. Udongo hakuupata. Tulipofika bahasha ya tisa akaegemea kiti, akaandika namba kwenye karatasi, akamsukumia Shangazi. Ilikuwa ya nyumba ndogo ya wageni mjini, ya mama mmoja, si hoteli. "Mpigieni huyu. Yeye anakaa hukohuko, atawajibu mpaka mchoke." Nadhani alitaka tu kutuondoa mlangoni, lakini alitutendea wema ambao hakuupanga.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, alichokipata kwa mabaharia na wafanyabiashara waliolala kwake, na kilikuwa na mashimo mengi, ila aliyaruka kwa ujasiri. Maswali ya Shangazi hayakumshangaza hata kidogo. Aliyafurahia. Udongo ni mwekundu mlimani na mweusi huku chini, alisema. Milango hufunguka kwa nje sababu ya upepo. Jirani husikia kila kitu, hata usipokohoa.

"Mlimani!" Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza. "Umesikia? Mlimani!"

"Na ngazi?" nikamwuliza yule mama. "Zile za kutoka posta?"

"Ngazi gani?"

Shangazi akamweleza. Mama akasema labda zipo, yeye alihamia mjini baada ya kuolewa, hajui kila uchochoro. Kesho anakwenda sokoni, atapita hapo, atatupigia simu ya video tujionee wenyewe.

Kesho yake nilifunga karakana saa sita. Shangazi alikuwa amesuka nywele. Tulikaa pamoja kwenye benchi la kazi, nikaiegemeza simu kwenye mashine, na uso wa mwenye nyumba ya wageni ukatokea, mpana, wenye jasho na furaha. Akageuza simu.

Mji ulikuwa tambarare kama sahani.

Barabara ilinyooka kutoka bandarini hadi mwisho wa macho, maduka huku na huku, pikipiki, mama aliyebeba kreti ya mayai. Mlima ulikuwepo, ndiyo, lakini mbali huko nyuma, wa bluu, hauna nyumba hata moja. "Hii posta," yule mama akasema. Posta ilikuwa na kidato kimoja. Mnara wa saa haukuwepo, wala haukuwahi kuwepo. Alimsimamisha mzee aliyekuwa akiuza betri, wakazungumza kwa lugha yao, mzee akatikisa kichwa kisha akaonyesha jengo la kijivu ng'ambo ya barabara. Lilikuwa jengo la simu. Sasa ni duka la samani.

Mwenye duka alikuwa mtu mkarimu. Aliwasha taa na kutangulia kwenye ngazi za kuteremka, yule mama akamfuata na simu. Maopereta, yule mama akatutafsiria, walikuwa wakifanya kazi huku chini ya ardhi, sababu ya joto na vimbunga, mitambo isiharibike. Tukaona chumba kirefu kilichojaa vitanda vilivyofungwa kwa plastiki. Ukutani zilibaki alama za ule ubao, matundu ya skrubu yaliyopangwa kwa mistari.

"Dirisha liko wapi?" Shangazi akauliza.

Mama akazungusha simu pande zote nne. "Dirisha hakuna. Halijawahi."

Tulimshukuru, simu ikakatika. Shangazi akavua miwani, akaiweka mapajani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamshika mkono, nikatafuta la kumwambia, maana uchungu wa mtu mzima sikuuzoea. Ndipo nikagundua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akaegemea mashine, vumbi likamjaa kwenye mkono wa gauni.

"Ameniweza!" akasema akipangusa macho. "Miaka kumi na minne! Na ukingo uliomeguka akaweka!"

"Shangazi, amekudanganya."

"Amenidanganya sana. Na mimi je? Unajua nilimwambia nini mimi? Nilimwambia dirisha langu linatazama ziwa. Ziwa lenye ndege wa pinki. Kila msimu nikamwambia wamekuja wangapi. Nilikuwa nimekaa uso kwa uso na ukuta, mwanangu, na bomba lililokuwa likivuja juu ya ndoo."

Tukacheka pamoja mpaka mteja akagonga mlango kuuliza kama tuko salama. Lakini alipoondoka, Shangazi alibaki akiipangapanga mikono ya miwani kama mtu anayehesabu kitu. Nikamwuliza kama sasa hataki tena kwenda.

"Sasa ndiyo nataka. Kisiwa chenye ngazi ningekiona nikarudi. Mtu aliyekaa shimoni akajenga mji mzima na kinyozi wake, huyo sharti nimwone." Akasita. "Ila kuna mtoto."

"Mtoto gani?"

Tatu alikuwa na mtoto wa kiume. Aliugua akiwa mchanga, miguu ikadhoofu, akafungwa vyuma. Kila Jumatatu, miaka tisa, Shangazi aliuliza: ametembea hatua ngapi? Na kila Jumatatu akaambiwa. Hatua mbili. Hatua sita. Ameanguka, hataki kuinuka tena. Amefika hadi mlangoni. Siku aliyofika mlangoni, Shangazi alilia pale kwenye ubao hadi msimamizi akaja kumwuliza nani kafariki.

"Ngazi nimemsamehe, naye anisamehe ziwa langu," akasema. "Kinyozi, haidhuru. Lakini kama yule mtoto naye alikuwa wa maneno tu, sijui nitamtazamaje."

Nililoweza ni kumtumia mwenye nyumba ya wageni ujumbe wa sauti, nikamweleza yote, nikamwomba atuulizie huko. Kumbe naye alikuwa tayari hapati usingizi kwa udadisi. Alikwenda kanisani akauliza, alikwenda sokoni akauliza, akamfuata mama mkubwa wa mumewe, ambaye zamani alifagia jengo lile. Siku ya tano akatupigia. Maopereta walikuwa watano, walivaa sare ya kijivu. Aliyezungumza Kiswahili alikuwa mrefu, mcheshi, alichelewa kila siku. Kazi ilipokwisha alirudi kwao, kisiwa kidogo cha mwisho, mwendo wa saa nne kwa meli. Yu hai. Simu yake haishiki vizuri, lakini namba ya nyumbani ipo.

Neno "mtoto" hakulisema, nasi tuliogopa kumwuliza.

Tulipiga Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Shangazi, pazia limefunguliwa, Baba amekaa pembeni akijifanya anasoma gazeti. Iliita mara nyingi kwenye spika. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikasema kitu kwa lugha yao.

Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili. "Namtafuta Tatu," akasema. "Wa jengo la simu."

Halafu, kwa Kiswahili cha polepole, kilichotunzwa kama nguo ya sikukuu: "Nani anamtafuta mama?"

Shangazi akasema, "Wewe... wewe ndiye uliyevaa vyuma?"

"Ndiyo," yule mtu akasema, na mshangao wake ukasikika mpaka kwa Baba. "Nilivaa mpaka nikiwa na miaka kumi na mbili. Wewe nani?"

Gazeti la Baba lilikuwa limeshuka magotini. Shangazi akanipa simu, nikajibu mimi. Niliposema "Kumi na Nne" yule mtu akapiga kelele kuita mama yake, tukasikia mlango, kiti kinaburutwa, hatua za mtu anayechechemea kwa haraka, kisha hatua nyingine zinazokuja polepole. Nikamrudishia Shangazi simu.

"Mbona sauti yako imezeeka?" mwanamke akasema.

"Yako nayo imekwaruza kama sufuria."

"Ni sikio. La kushoto halisikii tena, kwa hiyo napayuka."

"Langu la kulia."

"Ziwa lako halijambo?" Tatu akauliza. "Ndege wamekuja wangapi?"

Shangazi akanitazama, akajikaza. "Dada yangu, ziwa halikuwepo. Nilikuwa natazama ukuta."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nalisikia bomba. Ziwa gani hilo linalodondoka tone, tone, tone, kutwa nzima? Nikasema, huyu mwenzangu amewekwa stoo."

Baba ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Shangazi akampungia mkono anyamaze, huku mwenyewe hajiwezi. "Na mimi sikujua kitu!" akasema. "Mimi nilizihesabu ngazi zako zote! Nimeziulizia hadi kwa mwenye duka la samani!"

"Ulikuwa unauliza mno. Ukuta una rangi gani, nje kuna nini, nani anapita. Ningekujibu nini? Mara ya kwanza nilisema kuna ngazi ili uridhike. Kesho yake ukauliza ni ngapi."

Walizungumza saa nzima na robo. Tatu alimwuliza habari za "yule mtoto wa mdogo wako aliyemeza kifungo cha koti," nami nikainua mkono kama mwanafunzi, kisha nikakumbuka kwamba hanioni. Yule mtoto wa vyuma alikuwa sasa mtu wa miaka arobaini kasoro, anafanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa, anapima mvua. Nilipopewa nafasi nilimwuliza, kwa kuwa bahasha ilikuwa mkononi mwangu: je, ni kweli kwamba mvua ikinyesha huko watu husimama tu?

"Nani kasema?" akacheka. "Wanakimbia kama kuku."

Baada ya hapo mipango ilibadilika yote. Ufuo wangu wa kalenda ulikuwa kwenye kisiwa kikubwa, na kwenye kisiwa kidogo hakukuwa na hoteli wala bwawa, kuna mawe meusi tu na nyumba mia mbili. Nilinuna kidogo, sitaki kuficha. Lakini nami udadisi ulikuwa umeshanishika. Nilitaka kuona sura inayotoka kwenye ile sauti. Bibie wa tiketi alibadilisha safari mara tatu, na mara ya tatu akaacha kuguna, akatuomba tumletee picha. Baba alitaka kujua nahodha wa ile meli ana leseni ya daraja gani. Alipokosa jibu, alikuja kunifundisha sebuleni jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea, kwa kutumia mto wa kochi na mikanda yake miwili, na alinirudisha mwanzo kila nilipokosea kama alivyowarudisha wanafunzi wake kwenye gia ya kwanza. Siku ya kuondoka alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu, akamwambia akae kiti cha katikati.

Tulifika kisiwa kidogo alasiri, mimi nimetapika mara mbili, Shangazi hata hajachafuka kitambaa. Gatini walikuwa wamesimama watu wawili. Mwanamume alikuwa mfupi, mguu mmoja umepinda kidogo, anatabasamu. Mwanamke alikuwa mrefu kama mlango, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa chini kabisa.

Hapo ndipo jambo ambalo sikulitegemea likatokea. Hawakukumbatiana. Walipeana mikono.

"Umefika," Tatu akasema.

"Nimefika."

"Safari?"

"Salama."

Kwenye sebule yake ndogo walikaa wakitazamana, chai kati yao, na maneno hayakuja. Walizungumza habari za meli. Wakazungumza habari za sukari, kwamba imeadimika. Shangazi aliitazama sura ile, kisha akatazama chini, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Baadaye chumbani aliniambia, akikunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari, "Namsikia anazungumza, lakini nikimtazama naona mtu mwingine. Tatu wangu mimi alikuwa mfupi. Mnene kidogo. Alikuwa na mwanya." Nikamwambia kesho itakuwa afadhali, na mwenyewe sikuamini.

Asubuhi Tatu alikuwa jikoni akichambua maharage, ametupa kisogo. Shangazi alikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta, anatafuta dawa zake kwenye mkoba. Mlango ulikuwa wazi lakini hawakuonana.

"Yule msimamizi wako," Tatu akasema, akiwa bado ameinamia sinia, "yule ambaye viatu vyake vililia kila akitembea. Aliolewa?"

"Mara mbili!" Shangazi akajibu kutoka sebuleni, bila kuinua kichwa. "Na wa pili alikuwa mdogo wake yule wa kwanza."

"Toba!"

"Nakwambia!"

Sauti zikabadilika papo hapo. Zikawa nyepesi, za haraka, moja inaikata nyingine na kuachia mahali panapostahili, kama watu wanaocheza mchezo waliouzoea. Shangazi alivuta kiti chake akakiegemeza ukutani, akakaa. Upande wa pili nikasikia Tatu naye anavuta cha kwake. Walikaa hivyo, migongo imeelekeana, ukuta katikati, na Shangazi yangu alikuwa amefumba macho na kutabasamu, miwani niliyomtengenezea kwa mikono yangu iko mapajani.

Mwana wa Tatu alinitazama, nikamtazama. Akanionyesha mlango kwa kidevu. Tulitoka kwa kunyata, akanipeleka kituoni kwake, chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi, akanionyesha chombo cha kupimia mvua na kitabu ambamo kila siku ya miaka kumi na tano ilikuwa na mstari wake. Nilimwuliza maswali mengi. Aliyajibu yote, na aliposhindwa alisema hajui, jambo lililonipendeza. Saa zikaenda hatuna habari.

Tuliporudi adhuhuri, moshi ulikuwa umetanda hadi barazani. Maharage yalikuwa yameungua hadi kuwa makaa, na wao wapo palepale, kila mmoja upande wake wa ukuta, wanazungumzia mtu aliyewahi kupiga simu akataka kuunganishwa na mbwa wake. Hakuna hata mmoja aliyeisikia ile harufu. Mwanawe akafungua madirisha yote, mimi nikachukua waya wa kusugulia na kuanza kuisugua sufuria, na wao wawili wakainuka wakikohoa, wakabeba viti vyao, wakaenda kuvipanga barazani, safari hii bega kwa bega, wakaendelea walipoishia.